Kalibu ya Wimbo wa Harusi

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, baada ya chai, kalibu ya kufyatulia santuri ilipoonekana haipo nyumbani kwa Mzee Mahrous, mjini Ibra, Oman. Kabati lilikuwa wazi, kufuli zima, ufunguo unaning'inia msumarini pake. Kwenye rafu kilibaki kitambaa cheupe kilichoifunika, na jambia la fedha lililokuwa ubavuni pake halikuguswa.

"Mwizi gani huyu, aache fedha achukue bati?" Turkiya aliuliza. Alikuwa binti wa nduguye Mahrous, naye alistaafu upolisi Nizwa.

"Bati?" mzee alihamaki. "Ile ni sauti ya Rehana!"

Kisa hicho kila mtu katika ukoo alikijua. Ujanani mwake, Mombasa, Mahrous alikuwa fundi katika kiwanda cha kufyatua sahani za santuri. Kutwa akitia donge la plastiki ya moto baina ya kalibu mbili za chuma, mashine ikifumba, mvuke ukivuma, na sahani ikitoka nyeusi tititi, ina joto kama mkate. Mpaka leo, akinusa plastiki inayoungua, hutabasamu. Siku moja ulipita mikononi mwake wimbo wa harusi, na sauti ya mwimbaji ikamkaa moyoni. Akasoma jina kwenye karatasi ya katikati: Rehana. Akaulizia kwao, akaposa.

Kanda zilipoingia, kiwanda kikafa, vyuma vikauzwa kwa mizani. Mahrous akaiokoa kalibu moja, ya kwanza ya wimbo ule, iliyokataliwa kabla ya kufika mashineni kwake kwa kuwa maneno ya watu wa studio yaliingia mwanzoni. Alihama nayo hadi Oman. Sahani zenyewe zilikwisha kuharibika, na Bi Rehana alikuwa ameacha kuimba tangu alipoolewa. Sasa Laith, kijana aliyefungua karakana ya sahani Firq, alikuwa aitumie kufyatua sahani mpya Jumatatu hiyohiyo.

Turkiya alikigeuza kitambaa. Upindoni palikuwa na doa dogo la damu.

Bi Rehana aliingia na kahawa, kidole gumba kimefungwa kitambaa.

"Shikamoo, Bi Rehana. Kulikoni kidole?"

"Marahaba, mwanangu. Kisu tu. Nilikuwa nakata vitunguu jana."

Majirani walikwishamtaja Masika, mtumishi wa nyumba kutoka Kenya, kuwa ndiye mwizi. Turkiya alimkuta jikoni, macho mekundu.

"Nipekueni basi, Da Turkiya. Najua wanavyosema."

"Sikupekui. Nioneshe mikono yako."

Mikono ilikuwa mizima, haina hata mkwaruzo.

"Jana nani alipika?"

"Mimi. Nyama, vitunguu, vyote nilikata mimi. Mama simwachii kisu, mikono yake inatetemeka."

Turkiya alilitia neno hilo akilini. Barazani mzee alikuwa amekwishamhukumu mtu wake. "Ni Laith, wallahi! Alitaka kuinunua, nikamkatalia."

Adhuhuri Turkiya alikuwa Firq, baina ya magereji na maduka ya mbao. Laith alivaa glavu ndipo akamwonesha kalibu yake mwenyewe, nyembamba kama karatasi ngumu.

"Usiguse ukingo, ni wembe huo. Na niibe ya nini, shangazi, kitu kinacholetwa mlangoni kwangu leo?"

"Nani mwingine alikuzungumzisha habari yake?"

"Bi Rehana. Alinipigia jana. Aliuliza yale maneno ya mwanzo yatafutwa? Nikamwambia la, ndiyo utamu wenyewe. Akauliza tena: hata majina yatasikika?"

Baada ya alasiri Turkiya aliwakalisha kwenye majlisi ya wageni, mzee na mkewe. Masika alitaka kutoka, akamwambia akae.

"Aliyeichukua alijua ufunguo ulipo, na hakutaka fedha," alisema. "Ukingo ulimkata. Masika hana jeraha, na vitunguu alikata yeye. Bi Rehana, ni jina gani uliloliogopa?"

Bi Rehana aliinuka taratibu, akaingia chumbani, akarudi na kalibu imeviringishwa ndani ya kanga.

"Saburi," alisema. "Marehemu binamu yangu. Aliyeimba ni yeye. Baba yake angemvunja miguu, nikamwazima jina langu. Kisha ukaja wewe, Mahrous, unamtaka Rehana mwenye sauti. Saburi akaniapisha nisimtaje. Nami nilikuwa nishakupenda."

"Miaka yote hii!" mzee alisema kwa sauti nyembamba.

"Mara mbili nimeipeleka jaani. Mara mbili nikarudi nayo. Nilikuwa namtupa Saburi." Akamgeukia Masika. "Na wewe, mwanangu, nilikuacha usemwe mwizi bure. Nisamehe."

"Nimesikia, Mama," Masika alijibu, bila ya kuinua uso.

Mahrous alitoka akaenda uani. Magharibi ikaingia, chakula kikapoa, hakuna aliyethubutu kumwita. Alipoingia, hakumtazama mkewe. Aliuliza neno moja tu:

"Saburi, Mungu amrehemu, aliacha mtoto?"

"Binti. Yaqeen. Yuko hukuhuku Oman, pwani, Ashkhara."

Ijumaa iliyofuata Turkiya aliwaendesha Mahrous na mkewe, wakitoka Firq na sahani mpya aliyoifyatua Laith, mpaka Ashkhara, kwenye nyumba inayonuka papa mkavu. Yaqeen alikuwa mama mtu mzima, mwenye haya. Mamake, alisema, alikuwa akivuma tu puani anapofua. Wimbo wenyewe Yaqeen hakuwahi kuusikia.

Sahani ikazunguka kwenye gramafoni waliyokuja nayo. Mwanamume akasema, "Haya, Saburi, tayari?" Msichana akacheka, akakohoa kidogo, akaanza.

Yaqeen alijifunika uso kwa ukaya. Bi Rehana alisogea akamkumbatia, wakalia pamoja. Mahrous aliusikiliza wimbo mpaka ubeti wa mwisho. Kisha akaketi chini mkekani, upande wa mkewe, akaushika mkono wake wenye jeraha.

"Mwambie, Rehana," alisema. "Mwambie mamake alikuwa mtu gani. Na mimi nisikie."