Kiu ya Tela la Mpitimbi

Jua lilikuwa linazama Yohanes alipopunguza mwendo wa trekta, akageuka nyuma na kupaza sauti ili ishinde injini.

"Fundi! Una uhakika hujapakia kitu?"

Azizi alikuwa amekaa juu ya madigadi, miguu ikining'inia. Alitazama nyuma. Tela lilikuwa tupu. Sakafu ya mbao zilizooza, kuta za bati la rangi ya jeshi, kutu kila mahali. Asubuhi ile alikuwa amelipata mnadani kule Mpitimbi, kwenye shamba la marehemu mzee Egidi, ambalo watoto wake wa kiume walikuwa wanaliuza na kila kilichokuwamo. Watu wengine waligombania pampu na mashine ya kukoboa. Tela hakuna aliyelitaka.

"Liko tupu," alijibu.

"Basi mbona trekta linalia hivi? Hapa ni tambarare."

Azizi aliteremka, akakagua matairi, akagusa ngoma za breki kuona kama zimeshika. Zilikuwa baridi. Hakuna kilichokwama. Akapanda tena, wakaendelea mwendo wa kinyonga, na kila walipopita kwenye shimo alisikia nyuma yake kitu kama pumzi. Si ya chuma. Ya watu wanaogutuka pamoja.

Alijiambia ni mbao.

Walifika Lizaboni, mtaani kwa Azizi mjini Songea, giza likiwa linaingia. Walipoliegesha uani nyuma ya karakana yake ya kuchomelea, Yohanes alichomoa pini iliyoshika tela, akaondoa trekta haraka, na hata chai hakungoja.

Azizi alikuwa na mpango wake. Mtaani kwao bomba lilikuwa likikauka siku tatu, siku nne kwa wiki, na kina mama walihangaika na ndoo tangu alfajiri. Yeye angelifufua lile tela, aweke juu yake tangi la plastiki la lita elfu moja, achukue maji bondeni na kuyapeleka mlango kwa mlango. Kesho yake akaanza kazi. Alikwangua kutu kwa brashi ya waya, akakata bati lililooza kwa grenda, akachomelea jipya. Aling'oa mbao zote za sakafu. Chini yake palikuwa pakavu, ila palinuka. Harufu ya blanketi lililolowa, tumbaku, na kitu kingine kilichomfanya ateme mate.

Kilichomsumbua zaidi ni springi.

Mbao alikuwa ameshaziondoa. Kuta za pembeni zilikuwa zimefunguliwa. Lilibaki fremu tupu juu ya ekseli, lakini springi zilikuwa zimelala kama tela limebeba shehena. Alipima kwa vidole. Kati ya fremu na ekseli viliingia vidole viwili tu. Akasema zimechoka, akanunua nyingine, akazifunga. Mchana ule viliingia vidole vitano. Akafurahi.

Adhana ya Magharibi ilipolia, alikuwa ananawa mikono kwenye ndoo.

Kwee...

Akageuka. Hapakuwa na mtu.

Kwee... kwee...

Springi zilikuwa zinashuka. Polepole, mara moja, kisha zinatulia, kisha tena. Kama mtu anapanda, anakaa, anamsogelea mwenzake, na mwingine anapanda. Azizi alihesabu bila kutaka. Kumi na mbili. Halafu kimya.

Alikwenda, akaingiza vidole.

Viwili.

"Audhubillahi," alinong'ona, akaingia ndani bila kukausha mikono.

Hakumwambia kitu mkewe Zulfa, kwa kuwa Zulfa angetaka tela liondoke usiku uleule, na tangi lilikuwa limeshanunuliwa. Ila mama yake mzazi, bibi Mwanaheri, aliyekuja kutoka Nalasi kukaa nao tangu miguu ianze kumsumbua, alimtazama kwa muda mrefu pale kwenye mkeka.

"Una wageni uani," alisema.

"Wageni gani, mama?"

"Wanaongea Kiyao. Wanaomba maji."

Azizi alicheka.

Wiki iliyofuata alifunga mbao mpya, akapaka rangi ya bluu, akaliweka tangi na kulikaza kwa mikanda ya chuma. Kwa macho, tela lilipendeza. Majirani walisimama kulitazama. Jioni akalijaza mpaka mdomoni, tayari kwa mauzo ya asubuhi.

Asubuhi alifungua koki. Haikutoa hata tone.

Alilikagua tangi lote kwa povu la sabuni, akitafuta tundu. Hapakuwa na tundu. Ardhi chini ilikuwa kavu, vumbi halijapata hata alama ya tone. Akajaza tena. Safari hii alikaa palepale kwenye kigoda, macho yake kwenye tangi, tangu alasiri. Adhana ilipolia alisikia zile springi. Kisha akasikia kingine. Glu... glu... glu... Ule mlio wa koo la mtu mwenye kiu asiyepumzika kuvuta pumzi. Nje ya plastiki, kivuli cha maji kilikuwa kinashuka mbele ya macho yake.

Lita elfu moja. Mpaka adhana ya Isha tangi lilikuwa tupu.

Na mama yake alikuwa amesimama nyuma yake na jagi mkononi.

"Usiwanyime," alisema bibi Mwanaheri. "Mimi huwapelekea kila jioni. Bado hawajashiba."

"Mama, ingia ndani!"

"Wanakuuliza wewe. Wanadhani wewe ndiye dereva. Wanasema, Egidi, mbona umetufungua?"

Azizi aliinuka kigodani. Jina la mwenye shamba hakuwahi kulitaja pale nyumbani. Hata Zulfa hakulijua.

Usiku ule alimnyang'anya mama yake jagi, akalifungia kabatini. Akalegeza mikanda, akalishusha tangi na kulipindua mdomo chini ardhini. Akamkataza mama kwenda uani. Alidhani anamlinda.

Kesho yake mchana alipanda bodaboda mpaka Mpitimbi.

Shambani alimkuta binti wa kwanza wa marehemu, mama mmoja wa miaka kama sitini anayeitwa Notburga, anaanua mahindi. Azizi alimwamkia. Notburga aliitikia, kisha macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye suruali ya Azizi yenye madoa ya rangi ya bluu.

"Wewe ndiye uliyechukua tela."

"Ndiyo, mama."

Notburga aliketi juu ya gunia. "Niliwaambia kaka zangu wasiliuze. Wanasema mimi nina mambo ya kizee." Akapukutisha vumbi la mahindi mikononi. "Baba alikuwa dereva wa kukodiwa, enzi za vita vya ukombozi ng'ambo ya Ruvuma. Mimi nilikuwa mdogo. Siku moja alipewa tela la majeruhi, awafikishe hospitali Songea. Mchanga ulikuwa mwingi, gari likashindwa. Akachomoa pini, akawaambia narudi sasa hivi na gari jingine. Njiani akasikia ndege juu. Akaogopa. Akaja hapa nyumbani, akajificha darini."

"Akarudi lini?"

"Siku ya tatu. Ilikuwa kiangazi." Notburga alifuta uso kwa kanga. "Miaka mingi baadaye alilikuta lile tela limetupwa kwenye karakana, akalinunua mwenyewe. Akaliweka nyuma ya ghala. Kila jioni ndoo mbili za maji, mpaka siku aliyokufa. Hakuruhusu lifungwe kwenye gari lolote. Alisema atakayelifunga itambidi alifikishe."

Azizi alitaka kuuliza zaidi, lakini simu yake ililia. Alikuwa Zulfa, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayekimbia.

"Rudi! Mama amepanda kwenye tela. Hataki kushuka. Azizi, siwezi kumnyanyua!"

Alipofika uani jua lilikuwa limeinama. Bibi Mwanaheri alikuwa juu ya tela, amejibana pembeni kabisa, magoti yamebanwa pamoja, kama mtu aliyekaa kwenye benchi lililojaa. Nafasi yote iliyobaki ilikuwa wazi. Midomo yake ilikuwa imepasuka, ngozi imekauka kama karatasi.

"Tangu saa nane," Zulfa alilia. "Nampa maji, kikombe kinakauka kabla hakijafika mdomoni."

Azizi alipanda, akamshika mama kwapani, akavuta. Mama yake, ambaye siku miguu ilipomzidi alimbeba kama mtoto kumtoa kitandani, hakutikisika. Alikuwa mzito kama amefungwa na nguvu za watu wengi.

"Wamenipisha nafasi," mama alinong'ona. "Ulipowanyima, wakaniita."

Azizi alipiga simu. "Yohanes, leta trekta. Usiniulize kitu. Leta sasa hivi."

Walilifunga. Pini ilipoingia kwenye tundu lake, tela zima lilitetemeka, na Yohanes akafanya ishara ya msalaba.

"Tunakwenda wapi?"

"Hospitali."

Njia haikuwa ndefu, lakini trekta lilinguruma kama linapanda mlima. Azizi alikaa juu ya tela kumshikilia mama yake. Pande zote alihisi joto la miili. Mabega yaligusa mabega yake. Mtu mmoja alikohoa karibu sana na sikio lake... Hakugeuka. Aliweka macho yake kwenye kitambaa cha kichwa cha mama na kusoma Ayatul Kursiyu mpaka maneno yakachanganyika.

Adhana ya Magharibi iliwakuta wanaingia getini. Yohanes alisimamisha trekta mbele ya mlango wa mapokezi, akazima injini.

Kimya.

Kisha, kwee... Upande wa kushoto ukanyanyuka.

Kwee... kwee...

Walikuwa wanashuka. Mmoja mmoja, taratibu, kama watu wenye maumivu. Harufu ya blanketi lililolowa ilimpita Azizi usoni, ikaelekea mlangoni. Mlinzi alijikuna shingo akatazama huku na huku. Na ghafla bibi Mwanaheri akawa mwepesi mikononi mwa mwanawe, mwepesi kama kuku, na Azizi akaruka naye chini akipiga kelele za kuita muuguzi.

Waliwahi. Alitundikiwa dripu, na kesho yake asubuhi macho yake yalikuwa yameng'aa. Muuguzi alisema kwamba bibi alipungukiwa maji kuliko mgonjwa yeyote aliyewahi kumwona akiongea. Kisha akalalamika juu ya jambo jingine, eti ndoo zote za maji ya kunywa za wodini zilikutwa tupu, na zamu ya usiku wanabishana nani hakuzijaza.

Azizi alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi mabega yake yalilegea.

"Wameshuka, mama?"

"Kumi na mmoja."

"Walikuwa kumi na wawili."

Bibi Mwanaheri aligeuza uso. "Huyo mwingine si mwenzao. Ni mzee. Anaongea Kingoni, simwelewi. Haombi maji. Analia tu."

Azizi alirudi uani, ambako Yohanes alikuwa amelirudisha tela. Tela lilikuwa limenyanyuka vizuri, ila kona moja ya mbele, karibu na mkono wa kuvutia, ilikuwa imelala. Aliwapigia watoto wa mzee Egidi waliomuuzia tela, akaomba namba ya dada yao. Halafu akampigia Notburga.

Alikuja alasiri ileile, amevaa gauni la kanisani. Hakusalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye ile kona, akaweka kiganja juu ya bati lililopakwa rangi mpya.

"Dadi," alimwita baba yake kwa sauti ndogo. Akaongeza maneno mengine ya Kingoni ambayo Azizi hakuyafahamu. Yalikuwa na ukali mwanzoni. Mwishoni yalikuwa kama ya kumbembeleza mtoto.

Kwee...

Springi ikanyanyuka.

Notburga alifuta macho, akamuaga Zulfa, akatoka kwenda barabarani ambapo bodaboda iliyomleta ilikuwa inamsubiri. Azizi alimsindikiza mpaka kwenye uzio. Aliona tairi la nyuma la pikipiki likibonyea, na Notburga alikuwa bado yuko hatua tatu nyuma, mkono mmoja ukishikilia gauni lake lisiburuzike.

Dereva alihisi. Akageuza shingo, akatazama kiti, akamtazama Notburga.

"Mama, tulikubaliana mtu mmoja. Mimi sibebi mishikaki."

Notburga alipanda, akakaa nyuma kabisa, akaacha nafasi mbele yake.

"Twende tu," alisema. "Na usikimbize. Yeye ni mwoga."