Mapacha Niliowaficha

Kila siku nilikuwa na kazi tatu nikitoka shule: kuchota maji bombani, kumkorogea bibi uji, na kumsemea mama Kireno.

Kazi ya tatu ndiyo niliyojivunia. Tangu kampuni ya gesi ituhamishie Quitunda, kwenye nyumba za matofali zilizopangwa mistari kama madawati, kila aliyekuja na karatasi alisema Kireno: mtu wa kampuni, mtu wa serikali, hata nesi wa zahanati. Mama hakukijua hata cha kuombea chumvi. Basi walinisukuma mbele mimi, Zainabo, mtoto wa miaka kumi na miwili, nami nikatembea kifua mbele kama balozi.

Ijumaa moja baba alirudi kutoka Afungi, alikokuwa akifyeka nyasi kando ya uzio wa gesi. Mama alikuwa na mimba ya miezi saba. Katika fedha tulizolipwa kwa minazi yetu tuliyoiacha, zilibaki meticais elfu nane tu, na baba alitaka kila moja ijue pa kwenda.

"Mwandiko wako ndio unaosomeka," aliniambia. "Andika."

Niliandika kanga, sabuni na pamba. Niliandika unga na maharage. Niliandika gari la kukodi la kumpeleka mama hospitali ya Palma na chakula chake huko, elfu mbili na mia tano. Mstari wa mwisho ulikuwa wangu: kuandikishwa sekondari Palma, pamoja na madaftari. Sare haikupata nafasi.

"Sare itangoja," alisema baba.

Bibi Haula, mama yake baba, alikuwa akisikiliza huku anasuka ukili. "Mwombeni Mungu awe mmoja," alisema. "Mama yangu alipozaa mapacha, mimi nilifungwa mmoja mgongoni mpaka akaota meno. Chuo cha Kurani sikukirudia tena. Mapacha hawakosi mlezi, na mlezi ni binti mkubwa wa nyumba."

Wote walicheka. Mimi sikucheka.

Jumatatu nilimsindikiza mama zahanati. Nesi Cândido, kijana aliyetoka kusini, aliweka kipembe chake cha mbao upande mmoja wa tumbo akasikiliza, kisha upande wa pili akasikiliza tena. Halafu alinieleza kwa Kireno, polepole. *Gémeos*, alisema. Neno hilo, mapacha, nililijua, maana darasani kwetu walikuwamo wawili. Tena mmoja amelala kingamo, si kichwa chini. Mama asizalie nyumbani, apelekwe Palma mapema. Miguu ikivimba au kichwa kikiuma, msingoje hata siku moja.

"Anasemaje, mwanangu?" mama aliuliza.

Nilifungua mdomo. Nilijiona nimefungwa mtoto mgongoni, wenzangu wanapita na madaftari.

"Anasema mtoto ni mzima. Kila kitu kizuri."

"Mbona amesema maneno mengi hivyo?"

"Kireno ni kirefu, mama."

Mama alicheka, akanishukuru. Kadi ya zahanati niliitia mwenyewe ndani ya mkoba wangu wa shule.

Uongo ule niliudhani mdogo. Lakini Ijumaa iliyofuata baba alichukua karatasi yetu, akaukata ule mstari wa gari. "Kama kila kitu ni kizuri, ya nini kumlipa mwenye gari? Mama atazalia nyumbani, kama alivyokuzaa wewe." Kesho yake alirudi kutoka dukani kwa Sadallah, mfanyabiashara wa asili ya Mtwara, akanipa mfuko. Ndani mlikuwa na sare mpya, viatu na begi. Alikuwa amezitumia zile elfu mbili na mia tano zote.

Nililia. Baba alidhani ni furaha.

Hofu ilihamia ndani mwangu siku hiyo. Mama akiguna, mwiko ulinidondoka. "Mtoto huyu ana miguu minne," alisema akicheka. "Ananipiga huku, ananipiga na huku!" Bibi alimjibu kwamba huyo ni mwanamume, na mimi nikachukua ndoo nikaenda bombani. Nilimwomba Mungu yule wa pili ajifiche vizuri, kisha nikaiogopa dua yangu mwenyewe. Sare ilibaki ndani ya mfuko wake, sikuthubutu hata kuijaribu.

Wiki ya tano tangu siku ile ya zahanati, Jumamosi, mama alishindwa kuvaa ndala. Miguu ilikuwa imevimba mpaka ngozi inang'aa, naye ameshika kichwa kwa mikono miwili. Bibi alikuwa anachemsha majani. "Itapita," alisema.

Haitapita, nilijua mimi. Miguu ikivimba, msingoje. Maneno hayo aliambiwa mama, nami niliyakalia. Nilichukua mfuko wa sare, nikatoka uani alikokuwa baba akitia jembe mpini.

"Baba, nilisema uongo zahanati. Watoto ni wawili. Mmoja amelala vibaya. Nesi alisema mama apelekwe Palma."

Mama alinisikia kutoka mlangoni. "Wawili?" alisema, akalishika tumbo lake.

"Astaghfirullahi!" bibi alisema.

Baba hakunipiga. Aliutazama mfuko, kisha akalitazama jua. Adhuhuri ilikuwa imepita, na baada ya alasiri hakuna dereva aliyekubali barabara ile, kwa kuogopa wenye silaha. "Fedha za gari ndizo hizo mkononi mwako," alisema. "Kimbia kwa Sadallah."

Nilikimbia peku. Sadallah aliikunjua sare, akaigeuza. "Imevaliwa?"

"Hata mara moja, mjomba."

"Na unalia nini?"

Nilimwambia. Aliacha kukagua, akanirudishia fedha zote, kisha akamwita Dauto, dereva aliyekuwa akipakia mchele wake. "Shusha magunia. Kuna mtu wa kuwahishwa."

Jua lilikuwa bado juu tulipofika Palma. Mkunga alimpima mama, akaisoma kadi ya zahanati niliyokuja nayo, akakunja uso, akasema nami kwa Kireno. Ilinibidi nifikishe.

"Mama, anauliza kwa nini tumechelewa. Anauliza ni nani aliyetufikishia maneno ya nesi."

Mama alinitazama tu.

"*Fui eu*," nilimjibu mkunga. Ni mimi. "Niliyaficha."

Mkunga aliweka kalamu chini. "Basi leo usifiche hata moja."

Nilimgeukia mama na baba. "Anasema presha ya damu imepanda mno. Anasema mama atabaki hapa mpaka azae. Anasema..." Nilimshika mama mkono. "Anasema tungekuja kesho, pengine mama na watoto, wote watatu, wasingepona."

Kurwa alizaliwa siku ya tatu. Doto, yule aliyelala kingamo, alichelewa. Mkunga na daktari walihangaika naye, nasi tukingoja nje. Kilio chake kiliposikika, baba alikaa chini mchangani.

Tuliporudi nyumbani, baba alikunjua karatasi mpya, akanipa kalamu. Niliandika kanga mara mbili, sabuni mara mbili. Nilipofika mstari wa shule yangu, nilikwenda kuukata.

"Uache," alisema bibi. "Huyo Doto nitambeba mimi. Mgongo huu unaijua kazi hiyo. Na sare ya binamu yako Nafisa ipo, imepauka kidogo tu."

Nililia tena, na safari hii hakuna aliyekosea sababu.

"Zainabo," alisema baba, "hesabu yangu ya kwanza niliijumlisha vizuri. Kilichoiharibu ni neno lako. Anayemsemea mwenzake amebeba amana, na amana haipunguzwi njiani. Ulikuwa na hofu ya kuacha shule. Ungeisema, tungeibeba sote. Uliificha, na ilitaka kutuulia mama yako. Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu; yako iliishia mlango wa hospitali, na Mungu alitusitiri."

"Nisamehe, baba."

"Nimekusamehe." Aliinama juu ya karatasi. "Wa pili umemwandika?"

"Nimemwandika, baba."