Tangi Lilijaa Asubuhi

Saa 3:10 asubuhi.

Chumba cha nyuma cha fundi wa kuziba pancha. Harufu ya gundi. Fundi Saa alichora barabara kwa chaki juu ya meza. Miaka ishirini alitengeneza saa za watu. Siku hizi alikuwa anavunja maduka.

"Saba kamili naingia kwa sonara. Saba na dakika nne natoka. Kipanga ananipakia. Tunapanda mlima, tunashuka, nusu ya mteremko tunakata kushoto, machimbo ya kokoto. Shemeji anatusubiri na gari. Swali?"

Kwenye kiti kulikuwa na mashati mawili ya kubadilisha, yamekunjwa vizuri. Kipanga aliyaona, akadhani la tatu limesahaulika. Mawazo yake yalikuwa nyumbani. Alimwahidi mkewe hii ndiyo ya mwisho, na wiki iliyopita alimweleza Fundi Saa uso kwa uso kwamba anaacha. Fundi Saa alicheka tu. "Hakuna neno, mdogo wangu."

Shemeji, kaka wa mkewe, ndiye aliyemwingiza kwenye genge. Asubuhi hiyo aliichukua pikipiki uani kuifunga namba bandia. Alichelewa, akarudi mikono inanuka petroli.

"Shemeji," alinong'ona, "leo ikikugomea njiani, usiibembeleze."

"Igome? Nimejaza mpaka kwenye kifuniko."

"Mimi nimeshasema." Macho yake yalikuwa mekundu.

Geji ya mafuta ilikufa zamani. Kila siku Kipanga huitikisa pikipiki kwanza, asikie tangi linasemaje. Leo Fundi Saa alishapanda nyuma. Haraka haraka haina baraka, lakini nani wa kumwambia bosi hivyo?

Saa 7:04 mchana.

Kengele ya duka ikalia. Fundi Saa akatoka na begi la dhahabu, akaruka nyuma. Kipanga akakaza mafuta. Soko. Daraja. Kona ya shule.

Saa 7:11.

Karibu na kilele cha mlima, injini ikakohoa. Mkono wa Kipanga ulishuka wenyewe kwenye koki, kufungua mafuta ya akiba. Koki ilikuwa imeshageuzwa. Mtu alilifyonza tangi, akabakiza tone la njiani. Pikipiki ikajikongoja hadi juu, ikazima.

"Nini?"

"Mafuta."

Bastola ikamgusa mbavu. "Si ulisema umejaza?"

"Nilijaza, Fundi. Haki ya Mungu."

King'ora kilisikika mbali. Kipanga aliijua dawa: ilaze ubavuni, mabaki ya upande wa pili wa tangi yaje kwenye koki. Yangewafikisha machimboni. Akainama ailaze. Hapo mashati mawili yakamrudia akilini. Moja la Fundi Saa. Moja la Shemeji. Lake halikuwepo.

Usiibembeleze.

Chini kabisa ya mteremko, kupita njia ya machimboni, nyuma ya kona, kuna kituo cha polisi.

"Kaa mbele, Fundi. Nikusukume, itawaka kabla ya njia ya kushoto. Ila usiguse breki, utaiua."

"Na wewe?"

"Nakuja kwa miguu. Wahi!"

King'ora kilikuwa kinakaribia. Fundi Saa akaichomeka bastola kiunoni, akashika usukani kwa mikono miwili. Kipanga akaifunga koki kimyakimya. Akasukuma kwa nguvu zote alizojaliwa.

"Haiwaki!"

"Usiguse breki! Bado kidogo!"

Njia ya kushoto ikapita. Kona ikammeza. Matairi yakapiga yowe. Risasi mbili, halafu nyingi, halafu hakuna.

Saa 7:19.

Nyuma ya ukuta wa karakana moja karibu na mlima, Kipanga alipiga simu.

"Fundi hafiki huko," alisema. "Na mimi sifiki."

Kisha akasikia mtu mzima akilia.

"Uko salama kweli, shemeji?"

"Niko salama."

"Basi ngoja nilifukie hili shimo lako," Shemeji alisema. "Halafu ninawe. Dada asinione na udongo huu."