Mteja wa Saa Tisa

Ukungu ulikuwa upande wa chini wa lenzi ya taa ya kazi. Hilo ndilo lililomshangaza fundi, maana lenzi ikishika ukungu huushika kwa juu, pale mtu anapopumulia, na yeye alikuwa amebana pumzi kama kawaida yake akipanga jino la mbele. Aliufuta kwa pindo la aproni, akarudisha jicho kwenye kazi. Ukungu ukarudi, mduara mdogo kama wa mtoto anayepumulia kioo cha dirisha. Kisha taa ikafifia.

"Haya, na wewe umechoka," aliiambia.

Alikuwa mtengeneza meno bandia, mwaka wa kumi na tisa huu. Madaktari wa meno walimletea chapa za vinywa vya watu. Yeye alimwaga plasta, akapanga meno kwenye nta, akapika, akasugua, akarudisha. Mtaani walimwita Mama Meno, na alishaacha kununa. Karakana yake ilikuwa chumba cha nyuma: meza, sinki, rafu zilizojaa vinywa vya plasta vilivyoachama, na juu ya meza ile taa ya lenzi, mkono wa chuma wenye viungo na kioo cha kukuzia kikubwa kama sahani, kilichozungukwa na vitaa vidogo vya LED. Bila taa hiyo hakukuwa na kazi. Macho yake yalikuwa na miaka hamsini na mitatu, na yalijua.

"Nini hicho kinamung'unya huko?" Sauti ilitoka upande wa pili wa ukuta. Ni mama mkwe wake, aliyelala chumba cha pili tangu mwanawe, mume wa Mama Meno, alipofariki miaka minne iliyopita na kuwaachia wanawake hawa wawili wavumiliane.

"Hakuna kitu, Mama. Ni taa."

"Taa haimung'unyi."

Mama Meno alisikiliza. Ni kweli, kulikuwa na sauti. Ndogo, yenye majimaji, kama ya kibogoyo anayehangaika na ganda la mkate. Alifunga bomba la sinki barabara, ingawa halikuwa likivuja. Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa na dakika kumi. Jua lilikuwa kali nje, watoto wa jirani wakigombania mpira.

Kesho yake aliamka mapema aitengeneze. Taa iliyokatika waya hupepesa. Hii haikupepesa, ilizama polepole kama mtu anayesinzia. Kwa hiyo alianza na adapta. Aliipima kwa mita, umeme ukawa sawasawa. Akaweka adapta nyingine hata hivyo. Alifungua kiungo cha kiwiko, mahali ambapo waya hukatikia ndani kwa kukunjwa kunjwa, akauchezesha huku taa inawaka. Haikutikisika. Alisafisha swichi. Mwishowe alifungua mduara wenyewe, akapasha moto kila tone la risasi ya kulehemu lililoshikilia vitaa, moja baada ya jingine, akaungua kidole, akatukana, akafunga. Taa iliwaka nyeupe kama maziwa, asubuhi yote na mchana wote.

Saa tisa ilipofika, ukungu. Kisha kufifia. Kisha mtu akamung'unya.

Alimpigia shemeji yake, mdogo wa marehemu, fundi wa majokofu. Akaja na pikipiki, akaichukua taa kwake. Siku tatu ilikaa mezani kwake ikiwaka toka asubuhi hadi jioni. Siku hizo tatu Mama Meno alifanya kazi kwa tochi aliyoifunga kwenye chupa, na kila saa tisa tochi nayo ilizama ikawa kama kaa la moto linalokufa. Akasema ni betri. Akanunua betri.

"Shemeji," alisema yule mtu wa makamo alipoirudisha, akiishika kwa mikono miwili kama mtu anayerudisha mtoto wa watu, "taa hii haina kosa. Nimeigeuza nje ndani. Kama kuna kitu kibovu, ni chumba."

"Chumba kinaharibikaje?"

"Mimi ni mtu wa majokofu."

Wiki mbili zikapita hivyo. Mama Meno alikuwa akiamka alfajiri amwogeshe mama mkwe, ambadilishie shuka, amlishe uji, asikilize kwamba uji umeungua, ndipo aingie karakana kukimbizana na saa tisa. Kazi ililala. Mwalimu mstaafu wa hesabu alikuwa akisubiri meno yake ya juu mwezi wa pili sasa, na mkewe alipiga simu kila siku kueleza kwamba mzee hali nyama. Siku ya Alhamisi, taa ilipofifia, Mama Meno aliweka kisu cha nta chini. Mabega yalimuuma. Ukungu ule ulikuja na kuondoka, ukaja na kuondoka, chini ya lenzi, sentimita chache kutoka vidole vyake, na kwa mara ya kwanza alikubali kile alichokuwa anakijua tangu siku ya kwanza: kwamba kuna kitu kimeinama hapo, kimeweka kichwa kati ya mwanga na kazi, kinamtazama anavyofanya.

Hakuogopa. Alikuwa amechoka mno, na woga unahitaji nguvu.

"Nawe unataka meno?" alisema. "Basi panga foleni kama wenzako. Zamu yako ikifika nitakutengenezea."

Kumung'unya kukakoma papo hapo. Taa ikawaka.

Jioni ile alimaliza kazi ya siku nne. Aliimba hata, kwa sauti ya chini, mpaka mama mkwe akagonga ukuta kwa bakora.

Asubuhi alikuta chapa mezani. Alikuwa ameacha bamba la nta tupu, la kazi ya mwalimu. Sasa lilikuwa limeng'atwa. Chapa ya mdomo wa mwanadamu ni kama kwato, upinde ulio wazi nyuma, na hiyo alikuwa ameiona maelfu. Hii haikuwa wazi popote. Ufizi ulizunguka ukajifunga wenyewe, duara kamili, hauna mbele wala nyuma, hauna taya la juu wala la chini, laini, bila hata kovu la jino lililowahi kuwepo. Na nta ilikuwa bado na uvuguvugu.

Aliitupa. Kesho yake ilikuwepo nyingine. Aliitupa na hiyo, na ya tatu akaitia kwenye moto, na siku hiyo taa ilizama saa tisa na haikuinuka tena mpaka usiku kuingia, na alipotoka karakana akisugua macho aliona kwamba mlango, na korido, na uso wa mama mkwe aliyekuwa akimwuliza kuhusu chai, vyote vilikuwa na ukungu, mduara wa ukungu katikati ya kila alichokitazama kwa jicho la kulia.

"Unapapasa nini ukuta?" mama mkwe aliuliza.

"Nimechoka tu, Mama."

"Uchovu haupapasi."

Shemeji ndiye aliyeleta mganga. Alikuwa mtu mfupi mwenye miwani na mafua, akaingia karakana asubuhi na mkoba wake, akavuta pua, akavitazama vile vinywa vya plasta rafuni kwa namna ya mtu aliyekaribishwa mahali asipopapenda. Akainua bamba la nta la siku hiyo. Akalirudisha taratibu.

"Ulimwambia nini?" aliuliza.

Mama Meno akamweleza. Mganga akafunga mkoba ambao hata hakuwa ameufungua vizuri.

"Mama yangu, mimi natoa walioingia wenyewe. Huyu alibisha hodi, wewe ukamwambia karibu."

"Nilikuwa natania!"

"Wale hawana utani."

"Na nikimtengenezea? Nimalize, achukue, aende zake?"

"Utamaliza lini? Mdomo wa duara hauna jino la mwisho." Alipiga chafya, akaomba radhi. "Na utatumia mwanga gani? Anakula mwanga unaofanyia kazi. Taa akiimaliza anahamia kwenye macho. Ameshaanza, au naongopa?"

Mama Meno alifunika jicho la kulia kwa kiganja. Shemeji ndiye aliyeuliza, kwa kunong'ona, ahadi kama hiyo inavunjwaje.

"Huvunjwa na aliye juu ya aliyeitoa. Mwenye nyumba anaweza kusema: huyu hakuwa na ruhusa yangu. Lakini hatatoka mikono mitupu. Amekaa foleni, ana haki yake."

"Mwenye nyumba ni mimi."

Wote wakageuka. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na bakora yake, gauni la kulalia limepinda bega moja, mwanamke wa miaka themanini na moja aliyekuwa hajatembea umbali huo bila kushikwa tangu mazishi.

"Mama, hapana," alisema Mama Meno.

"Wewe nyamaza. Miaka minne unaniogesha. Hata siku moja sijakwambia ahsante, na leo pia siisemi. Lakini ukipofuka nani ataniogesha? Huyu?" Akamwonyesha mwanawe kwa kidevu. "Huyu hajui kuosha hata pikipiki."

Hawakumweza. Hakuna aliyewahi kumweza. Saa tisa kasorobo aliingia karakana, akaketi kwenye kiti cha fundi, akaagiza taa iwashwe na mlango ufungwe. Wao watatu wakabaki koridoni, mganga akiwa na leso puani, shemeji akitafuna kucha, Mama Meno ameegemeza shavu kwenye mbao za mlango.

Kwanza walimsikia akigomba, kwa sauti ileile aliyogombea uji, akisema kwamba mkwe wake hana mamlaka ya kuahidi hata kijiko katika nyumba hii. Kisha ikaja harufu, ya plasta mbichi na ya maji yaliyolala na ya kinywa kilichofungwa miaka mingi, ikipita chini ya mlango pamoja na mwanga uliokuwa ukipungua, mweupe, halafu wa manjano, halafu kama haupo, na katikati ya harufu ile mzee akaanza kuhesabu, moja, mbili, tatu, polepole, kama mtu anayemhesabia mwingine kitu mkononi ili wasije wakabishana baadaye, na alipofika kumi sauti yake ilikuwa bado na makali yake, lakini kumi na sita aliitamka "kumi na hita," na kumi na saba ikawa "kumi na haba," na maneno yakazidi kulainika, yakipoteza kingo moja baada ya nyingine, na hapo ndipo Mama Meno alipokumbuka jambo ambalo yeye kuliko mtu yeyote duniani alipaswa kulikumbuka, kwamba mama mkwe wake hakuwahi kuwa mteja wa mtu, kwamba katika umri ule alikuwa bado anavunja mifupa ya kuku kwa meno yake mwenyewe, na akaanza kuupiga mlango kwa ngumi na bega huku akilia "Mama, basi! Mama, muache!" na mlango usiokuwa na kufuli haukusogea hata unywele, wala hesabu haikukatika, ihirini na mbili, ihirini na haba, mpaka ikafika "helahini," na ikakoma.

Mwanga ukarudi chini ya mlango, mkali hata wakafumba macho.

Mlango ukafunguka kwa kusukumwa na kidole. Mzee alikuwa ameketi palepale, mikono mapajani. Hapakuwa na tone la damu. Mashavu yake tu yalikuwa yameingia ndani, na midomo imekunjamana kama mfuko uliovutwa kamba, na uso wote umekuwa mdogo. Lenzi ilikuwa safi. Mama Meno alifumba jicho la kushoto, akatazama kwa la kulia, akaiona kila nywele nyeupe kichwani pa yule mwanamke. Ndipo alipopiga magoti akaweka kichwa chake pale mapajani.

"Amekwenda," mzee alisema. Ilibidi arudie ndipo wakamwelewa. "Ameyapanga mwenyewe. Amezunguka nayo yote. Yamemtosha."

Mganga hakudai kitu. Alitoka bila kuaga, na shemeji akamfuata ampeleke, ingawa ilionekana wazi kwamba yeye ndiye aliyetaka kuwa na mtu njiani.

Asubuhi ya pili yake Mama Meno alimketisha mama mkwe karakana, akamfunga taulo shingoni. Alikoroga unga wa chapa, akaujaza kwenye sahani ya chuma, akaiingiza kinywani mwa mzee na kuishikilia kwa vidole viwili, akihesabu dakika. Ufizi ulikuwa laini kabisa, umepona, kama ambao haujawahi kuota kitu. Macho ya fundi yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Taa haikutikisika.

Alipoitoa sahani na kumfuta kidevu, aliuliza lile lililokuwa limemnyima usingizi.

"Mama. Miaka yote hiyo yule alikuwa kibogoyo. Sasa ana meno. Atakula nini?"

Mzee aligeuza kichwa kusikiliza. Nje, watoto wa jirani walikuwa wakigombania mpira wao, na mama yao akiwaita kwa majina, mmoja mmoja.

"Hilo hi la nyumba hii," alisema, neno "si" likimtoka bila kingo. Kisha akamsukuma bega kwa ncha ya bakora, si kwa nguvu. "Haya. Meno yangu hayana haraka. Nenda ukalale."

Mama Meno aliisuuza chapa, akaifunika kwa kitambaa kibichi. Akaenda chumbani, akajilaza na aproni yake mwilini, na alipokuwa akizama usingizini alikuwa bado anasikiliza yule mama wa jirani akiita majina, akijaribu kuhakikisha kwamba kila jina limejibiwa.