Vifuko vya Bwana Mizani

Jioni ile nilikuwa na kazi moja tu, kuwahi posta kabla hawajafunga.

Karani wa dirishani alishanizoea. Akanisukumia kifurushi, akasema, "Kaka, hizi sarafu zako zingekuwa zinanunua hata mkate, ningekubali unioe." Tukacheka. Nikashika njia ya nyumbani huku taa za maduka zikianza kuwaka.

Mimi ni mchora mabango. Sarafu za zamani ni ugonjwa wangu tu, kama wengine walivyo na mpira. Tunabadilishana kwa posta, watu tusiojuana sura, na shida ya mchezo huu ni moja: nani atume kwanza? Ukituma wewe, mwenzako anaweza kuzima simu, na sarafu yako ndiyo hiyo imekwenda. Kwa hiyo mnaanza na vitu vidogo, shaba iliyochakaa kwa shaba iliyochakaa. Mnatumiana picha za pande zote mbili, mnatajiana uzito. Taratibu mnapanda.

Aliyenitumia kifurushi kile tulimwita Bwana Mizani, kwa sababu uzito aliokutajia ndio huo huo utakaoukuta ukipima. Hakuna aliyewahi kumwona. Lakini alikuwa anatuma kwanza, siku zote, na hajawahi kumdhulumu mtu. Nilimwamini kuliko baadhi ya ndugu zangu.

Nyumbani mama alikuwa anachambua mchele. Nikafungua boksi. Kwa kawaida Bwana Mizani hufunga sarafu kwa karatasi. Safari hii ilikuwa ndani ya kifuko cha kitambaa, kilichoshonwa kwa mkono.

Harufu ikanijia kwanza. Udongo mbichi... udongo wa chini sana, usiojua jua.

Kisha nikaona mshono.

Mdogo wangu wa kike alikuwa fundi cherehani. Kila alipomaliza kushona kwa mkono alifunga uzi kwa mishono mitatu midogo iliyopandana, kama unyayo wa kuku. Nilikuwa namtania kwamba hiyo ndiyo sahihi yake, maana ile ya kalamu ilikuwa haisomeki. Vifuko vyangu vyote vya sarafu alinishonea yeye.

Tulimzika mwaka jana.

Nikampa mama kile kifuko. Akakisogeza kwenye taa. Akapitisha kidole juu ya mshono, akafika kwenye unyayo wa kuku, kidole kikasimama hapo. Akanusa. Kisha akaishika ncha ya uzi.

"Ameukata kwa meno," akanong'ona. "Bado una mate."

Nikagusa. Kweli, ulikuwa na unyevu.

Kifurushi kilikuwa njiani zaidi ya wiki.

"Niliwaambia," mama akasema, akikaa chini polepole. "Siku namwosha niliwaambia. Mwili ule ulikuwa mwepesi kama boksi tupu. Mkasema ni uchungu wa mzazi." Akakiweka kifuko shavuni. "Tulizika kitu kingine. Mwanangu wamemfanya msukule. Yuko mahali, anatumikishwa."

Siku zote nilikuwa mtu wa kuyacheka maneno hayo. Jioni ile sikucheka.

Nikampigia Bwana Mizani. Sauti yake ilikuwa ya upole, ya chini, kama ya mtu aliyekaa karibu na mtoto aliyelala.

"Imefika salama?"

"Imefika. Kifuko... nani anakushonea?"

"Ninaye mtu."

Nyuma yake nikasikia uzi ukivutwa kwenye kitambaa. Sssss. Ukakwama. Mtu akasonya, msonyo mfupi, wa fundi aliyeingiliwa na fundo.

Msonyo ule nimekua nao chumba kimoja.

"Nirudishie," nikasema. "Chukua zote. Za fedha, ile yenye tundu, albamu nzima. Nirudishie huyo mtu tu."

"Mimi sidhulumu," akanong'ona. "Na wewe hujawahi kunidhulumu. Mtu akiishika sarafu kwa hiari yake mpaka ipate joto lake, hiyo nitaipokea. Kitu kwa kitu."

"Nitajuaje kama utamwachia?"

"Safari hii tuma wewe kwanza."

Simu ikakatika.

Nilihangaika kama kuku aliyekatwa kichwa. Kwenye kifurushi palikuwa na namba ya sanduku la posta tu. Karani akanitafutia, akarudi anakuna kichwa: sanduku lile halijawahi kukodishwa kwa mtu. Nikaenda polisi. Askari wa zamu akaniuliza kosa hasa ni nini. Nikaaga, nikatoka. Mwisho nikaenda kaburini, nikapiga magoti, nikaweka sikio ardhini kama mwendawazimu. Nilikuwa naomba nisikie kitu, chochote, cha kunionyesha kwamba yumo.

Niliporudi jua lilikuwa linazama. Mama alikuwa amekaa kitandani, kiganja amekifumba, kile kifuko kiko kitupu mapajani.

"Mama, una nini mkononi?"

Akakibana kiganja kifuani.

"Mama, iachie."

"Imeshapata joto."

Nikajaribu kumfumbua vidole. Vilikaza kama vya mtu anayening'inia.

"Niliwasikia wote wawili kwenye simu," akasema. "Mimi chumvi niliyokula inatosha. Yule hata kuolewa hajaolewa."

"Huyu mtu hatumjui, mama."

Akanitazama. "Amewahi kukudanganya?"

Nikatafuta kichwani. Nilitafuta kweli kweli, hata gramu moja iliyopungua.

"Hajawahi."

"Basi."

Ningeweza kukataa. Ningeweza kuitupa chooni. Lakini kila nilipofumba macho nilisikia uzi ukivutwa. Kesho yake niliipeleka posta mwenyewe, na mama akanisindikiza, amevaa gauni lake la kutokea.

Hakuugua. Alipungua tu. Chakula kilimshinda, kisha ngazi, kisha maneno. Kila jioni aliniuliza kama mlango uko wazi, binti yake asije akakuta umefungwa. Nikamwambia uko wazi. Hata anakata roho alikuwa anautazama.

Wanawake waliomwosha hawakusema kitu. Lakini mimi nilikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Jirani aliyekuwa mbele yangu aligeuka, akanitazama, akalitazama jeneza, akageukia mbele haraka.

Lilikuwa jepesi mno.

Mdogo wangu hakurudi. Nilikaa mlangoni jioni baada ya jioni. Nilipiga simu, ikaita mpaka ikachoka.

Kisha kikaja kifurushi.

Karani hakutania. Alikishika kwa ncha za vidole, akasema kina harufu. Sikungoja kufika nyumbani. Nilifungua kwenye benchi nje ya posta, watu wakipita na mizigo yao. Kifuko kidogo, sarafu ndani. Upande mmoja mshono ulikuwa ule ule, mdogo, mnyoofu, umeishia kwenye unyayo wa kuku.

Upande wa pili...

Upande wa pili ulikuwa umepinda. Mshono mrefu, mshono mfupi, kitambaa kimejikunja. Mama yangu hakujua kushona. Hata vifungo vya sare zetu za shule alikuwa anatubania kwa pini. Na mwishoni mtu alikuwa amejaribu kufunga unyayo wa kuku, akakosea, akafumua, akajaribu tena.

Alikuwa anafundishwa.

Nikapiga. Safari hii alipokea kabla haijaita vizuri.

"Ulisema utamwachia." Sauti haikuwa yangu.

"Sikusema," akanong'ona bila hasira. "Nilisema kitu kwa kitu. Umenitumia sarafu, nimekutumia sarafu. Pima uzito."

Nyuma yake uzi ukavutwa. Kisha uzi mwingine. Nikasikia msonyo, halafu mama, chini chini, akicheka kile kicheko cha mzazi anayekosea jambo dogo mbele ya mwanawe.

Kwangu kulikuwa hakujasikika kicheko siku nyingi.

"Unayo mkononi?" Bwana Mizani akauliza.

Nikatazama. Sarafu ilikuwa kiganjani. Sikukumbuka kuitoa kwenye kifuko.

Watu wa posta walikuwa wanafunga milango. Karani akaniita kwa mbali, akaniuliza kama niko sawa.

Nikakifumba kiganja. Na simu sikukata.