Mgeni Mwenye Unga Kwenye Nyusi

Kila alipotoka shuleni, Karani alipitia kwenye tanuri la mikate la mama yake. Jina la Karani alipewa kwa ajili ya mwandiko wake mzuri. Matangazo yote ya dukani aliyaandika yeye. Siku hiyo alimkuta mama ameshika fomu ya bima kama mtu aliyeshika trei ya moto.

“Njoo uniandikie,” mama alisema. “Mfanyakazi akiumia kazini akadai fidia, kampuni ya bima italipa badala yangu. Andika wafanyakazi wawili: mchomaji na muuzaji.”

“Na mjomba?”

“Mjomba si mfanyakazi. Mjomba ni mjomba!”

Karani aligeuka. Mjomba, mdogo wake mama, alikuwa akikanda unga huku jasho likimtiririka.

“Lakini mama…”

“Kila jina lina ada yake. Tena ndugu hamdai ndugu. Andika wawili.”

Karani aliandika wawili, roho ikimsuta.

Wiki iliyofuata wakala wa bima, bwana mmoja mwembamba mwenye miwani, alikuja kukagua. Mama alimwona akivuka barabara.

“Wewe! Vua aproni!” alimwambia mjomba. “Kaa pale. Leo u mgeni!”

Mjomba hakubisha. Alikaa, akakunja nne. “Mgeni njoo, mwenyeji apone. Chai, dada. Na mkate uwe na siagi.”

Wakala alihesabu watu, kisha akasimama mbele ya mjomba. “Na huyu?”

“Mgeni,” mama alijibu.

“Mgeni gani ana unga mpaka kwenye nyusi?”

Mama alimtupia Karani jicho kali. Karani aliogopa kumwaibisha mama yake, lakini aliwakumbuka watoto watatu wa mjomba, wanaolishwa na mikono ile. Ikiumia je?

“Ni mjomba wangu,” alisema. “Anakanda unga hapa. Mwaka wa nne huu.”

Wakala alicheka mpaka miwani ikamteleza. “Mwaka wa nne! Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu amekwisha chakaza majembe mangapi?” Kisha akaacha kucheka. “Mama, asiyeandikwa akiumia, kampuni haimjui. Mzigo wote utakuwa wako.”

Fomu iliandikwa upya. Mama alilipa ada ya jina la tatu huku amenuna.

Haukupita mwezi, mjomba akakanyaga mafuta sakafuni, akateleza na kuvunjika mkono. Kampuni ililipia matibabu, ikamlipa na fidia ya siku ambazo hangeweza kufanya kazi. Tanuri halikuzimwa hata siku moja.

Siku chache baadaye mjomba alikuja kuwasalimu, mkono ukining'inia kwenye kitambaa shingoni, akakalia kiti kilekile. “Sasa mimi ni mgeni wa kweli. Chai!”

Mama alimletea mwenyewe, kisha akamshika Karani begani. Macho yake yalilengwa na machozi.

“Mwanangu, ukweli wako ulinichoma siku ile, lakini ndio uliotuokoa. Ningemficha ndugu yangu kwa ajili ya ada ndogo, leo yeye angekuwa hana matibabu na mimi sina tanuri. Anayefanya kazi ahesabiwe, hata akiwa ndugu.”

“Hasa akiwa ndugu,” mjomba alidakia. “Na siagi, dada?”

Mama alimsogezea siagi. “Kula. Daktari amekupa wiki sita za kupumzika. Siku ya arobaini na tatu, nakupa jembe lako.”