Bomba la Lansa ya Isacko

Kwanza weka hiyo chai chini, uape. Sema wallahi, hili halitoki mdomoni mwangu hata nikikutana na dada yangu wa tumbo moja. Umesema? Vizuri. Gumato mwenyewe aliniapisha hivyo hivyo akiwa amenishika mkono, nikaapa kwa moyo safi, na kiapo changu nikakifikisha salama mpaka kwa yule mama wa maziwa pale kona. Kwa hivyo na wewe likikushinda sitakulaumu. Ila usiseme limetoka kwangu.

Ilikuwa mwaka wa themanini na tano, huku mtaani Wabera, kwa fundi Dullo. Nyumba ya mabati mbele, uwanja wa magari nyuma. Gumato, mkewe, alikuwa anaanua ovaroli jua likizama, akasikia mtu anapiga mluzi. Sasa, kwetu hata mtoto anayejifunza kutembea anazuiwa mluzi wa magharibi, kwa sababu kila mtu anajua mluzi wa saa hiyo unamwita nani. Gumato akazunguka nyumba, tayari kumtukana huyo mtu mpaka kwa bibi yake. Hakukuta mtu. Alikuta gari tu, ile Lansa ya Isacko, peke yake, boneti imefungwa, injini imezimwa tangu adhuhuri, na mluzi unatoka humo ndani, mwembamba, kama wa mtu anayepuliza huku anawaza jambo lingine. Akaweka kiganja juu ya boneti. Chuma kilikuwa baridi. Mluzi ukakatika, kama mtu ameguswa begani.

Gumato alikuwa amesimama foleni ya maji tangu alfajiri. Hakuwa na nguvu ya kuogopa. Akasema ni upepo, akaingia kusonga ugali.

Hiyo Lansa ilikuwa ya kijana wa mfanyabiashara wa ng'ombe. Kijana huyo, Isacko, aliinunua Nairobi kwa mtu wa mashindano ya magari aliyeichoka, kwa sababu ilikuwa na turbo, na turbo ni kidude cha chuma kama konokono. Moshi wa injini unakizungusha, nacho kinasukuma hewa ndani ya injini kwa nguvu. Gari la kawaida huvuta pumzi. Hili lililishwa pumzi.

"Fundi, nataka nikitoka hapa mtu asione kitu isipokuwa vumbi langu," Isacko alimwambia Dullo.

"Vumbi tunalo," Dullo akajibu. "Acha funguo."

Ni lazima ujue Dullo alikuwa nani. Maisha yake yote alilala chini ya malori ya ng'ombe, mafuta yakimdondokea usoni, na lori likifika salama watu wanamsifu dereva, likikwama wanamtukana fundi. Hii Lansa aliichukua kama mtu aliyeposa. Alikata rejeta ya lori lililokufa, akaitengeneza iwe ya kupoza ile hewa. Akatengeneza ekzosi pana kwa mkono wake. Kitu kimoja tu kilimshinda, njia ya hewa kutoka kwenye turbo kwenda injini. Kila mpira aliofunga ulipasuka. Alitaka chuma kizima, kisicho na mshono, laini ndani kama koo.

Akakipata, kipande cha bomba. Tangu siku alipokifunga, Isacko akipita baada ya swala ya Ijumaa watu walikuwa wanatoka madukani kusimama kando ya barabara, na hawakusema huyo ni Isacko. Walisema, "Hiyo ni ya Dullo." Madereva walitoka Marsabit kuja kuishika tu. Na Isacko alikuwa anaiacha pale uwanjani kila jioni, kwa vile Dullo alimwambia gari la namna hiyo halilali bila fundi wake.

Kisha Dullo akaanza kuishiwa pumzi. Alianza kwa kuigawa salamu. Alisema "salaam," akapumzika, ndipo akamaliza "aleikum." Baadaye nyundo ikamshinda. Mbavu zikatoka nje. Alasiri alijilaza chumba cha ndani, kile chenye mlango wa kutokea uwanjani, akavuta pazia, akaomba asisumbuliwe mpaka giza liingie. Hospitali walimpima kifua, wakasema ni safi. Na kila magharibi mluzi ulirudi, sasa mnene zaidi, ukija na harufu ya udongo uliolowa na buni iliyokaangwa kwa samli, kama ya wazee wakiomba baraka, ilhali hapakuwa na mvua wala mtu aliyekaanga buni katika nyumba ile.

Gumato akamfuata Lowoi, Mturkana aliyekuwa akichomelea vyuma pale kwa Dullo. Lowoi alikuwa ameacha kuja kazini.

"Mama Sora, mimi ni mtu wa kanisa," akamwambia kwa sauti ya chini, akitazama nyuma. "Mambo yenu siyajui."

"Sijakuuliza dini. Nakuuliza ile bomba mliitoa wapi."

Lowoi akasugua mikono. "Njia ya Garbatulla. Kile kisima cha bomba kilichoachwa."

Gumato akakaa chini palepale kwenye mavumbi. Kile kisima kilichimbwa kikakosa maji, lakini hakikukosa pumzi. Mchana kilikuwa kinavuta, ukiweka jani juu yake linamezwa. Jioni kilikuwa kinatoa. Wafugaji walikuwa wakipitisha ngamia mbali nacho, na mzee akilazimika kukaribia alikuwa anamwaga maziwa kidogo na kuomba ruhusa, kwa sababu kisima kina mwenyewe, hata kikikauka.

"Mliomba?"

"Nilimwambia tuombe. Akasema chuma ni chuma." Lowoi akatazama tena nyuma. "Tulikuja na mnyororo wa kuivutia kwa gari, mama. Hatukuutumia. Ilitoka yenyewe, kama mtu anayepewa mkono ainuke."

Gumato alimsihi mumewe alifungue bomba lile, alirudishe. Dullo aligeukia ukuta. "Hiyo bomba," akasema, akavuta hewa, "usiiguse."

Wakati huo Asho, jirani, naye hakulala. Asho alikuwa na mdomo, Mungu amrehemu, hata mimi nilikuwa nakwenda kwake kujifunza. Alieneza kwamba mwanamume hakondi hivi hivi bila anayemla. Nani anampikia? Nani anabaki mnene? Gumato hakuwa mnene, alikuwa amevimba macho kwa kukesha, lakini maneno yalifika Garbatulla kwa ndugu zake Dullo, nao wakaja na sura zilizofungwa. Wakasema watamleta Maalim Hirbo asome. Kitu kinachomla Dullo kikimtaja Gumato, arudi kwao siku hiyohiyo, na watoto aache.

"Sawa," Gumato akasema. "Nitakaa chini kidogo, basi." Alichoka hata kujitetea.

Wakakusanyika alasiri. Ndugu walikaa kwenye mkeka, wanawake ukutani Asho akiwa mbele, Isacko na Lowoi mlangoni. Dullo alikuwa nyuma ya pazia lake. Maalim akafukiza ubani, akaweka beseni la maji katikati, akamwambia Gumato atumbukize mikono yote miwili asiitoe.

Akasoma. Alisoma mpaka jua likaanza kuwa jekundu kwenye mabati. Mluzi ukaanza.

Macho yote yakaenda kwa Gumato. Midomo yake ilikuwa imefungwa. Mikono yake ilikuwa majini.

"Mama Sora, usiitoe," Maalim akanong'ona.

"Sijaitoa."

"Nani ametoka humu?"

"Hakuna," akajibu kaka mkubwa wa Dullo.

"Labda ana mwingine huko nje," Asho akaanza.

"Wewe mama, nyamaza, ama utumbukize mikono yako," Maalim akamkata.

Harufu ya buni ikaingia. Maalim akainuka, wakamfuata kwa kusukumana, kila mmoja akitaka kuwa wa pili na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza, wakazunguka nyumba huku mluzi ukipanda na kushuka, ukipanda na kushuka, na walipofika kona wakaona turubai kubwa iliyofunika Lansa ikivimba taratibu kama ubavu wa ng'ombe aliyelala, ikanywea mpaka ikashika chuma, ikavimba tena, na hakukuwa na upepo, hata moshi wa jikoni kwa jirani ulikuwa umesimama wima, na vumbi lililokuwa chini ya magurudumu lilikuwa linatambaa polepole kuingia ndani ya gari, halafu linatoka, kama linavyofanya mbele ya pua ya mnyama.

"Isacko," Maalim akasema. "Gari ni lako. Vuta."

Isacko alivuta kwa vidole viwili, turubai ikaanguka.

Boneti ilikuwa wazi. Dullo alikuwa amepiga magoti juu ya bampa, yule Dullo asiyeweza kumaliza salamu, amejikunja ndani ya injini, spana mkononi, bomba amelifungua upande mmoja, na mdomo wake wote umelikumbatia. Mashavu yalikuwa yamejaa. Alikuwa anapuliza. Alipuliza mpaka mbavu zikahesabika, na kadiri alivyojimimina mluzi ulipanda.

Asho alitafuta mahali pa kuweka macho akakosa.

Dullo aliwaona. Macho yake yalipita kwa ndugu zake, kwa Maalim, yakafika kwa mkewe aliyesimama na mikono inayotiririka maji. Akaondoa mdomo. Kuzunguka midomo kulikuwa na duara jeusi la mafuta.

"Nani amekulazimisha?" kaka yake akauliza.

"Hakuna." Akavuta hewa. "Liliomba. Nikalipa."

"Mkeo tungemfukuza leo, Dullo. Ulikuwa unasikia."

"Nilikuwa nasikia."

Gumato akasogea karibu. "Baba Sora, achana nalo. Twende ndani ulale."

"Likikosa pumzi yangu," Dullo akasema, kipande kwa kipande, "linakuwa gari tu. Na mimi... narudi chini ya malori." Akamtazama kama anayemhurumia. "Ngoja kidogo. Bado halijashiba."

Akainama tena, mbele yao wote, bila haya. Lakini kabla midomo yake haijafika, bomba lilivuta lenyewe, na kola ya ovaroli yake, na nywele za paji la uso wake, vikainuka vikalielekea.